Nimeacha ugali, sukari imeshuka, ila kiungulia hakinipi usingizi

Mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Mikindani, Mtwara, nauza samaki wa kukaanga. Kisukari ninacho mwaka wa saba sasa, presha mwaka wa tatu. Dawa zangu ni metformini miligramu 500 asubuhi na jioni, glibenklamidi miligramu 5 asubuhi, na amlodipini miligramu 10 usiku. Uzito wangu ni kilo 86, na mimi si mrefu, futi tano na inchi mbili.

Kiungulia nimekizoea siku nyingi, lakini mwaka huu kimenizidi. Nikilala tu, maji makali yanapanda mpaka kooni, naamka nakohoa. Duka la dawa walinipa omeprazoli miligramu 20, nameza nikishamaliza chakula cha usiku. Metformini nameza alfajiri kabla sijatia kitu mdomoni, ili nisisahau, na kichefuchefu kinanishika mpaka saa nne.

Wiki tatu zilizopita shoga yangu alinishauri niache wanga wote: ugali, wali, muhogo, mkate, hata maharage na mbaazi. Nile samaki, nyama, mayai, nazi na korosho mpaka nishibe, na kila asubuhi ninywe maji ya vuguvugu yenye ndimu na siki. Nimefuata. Sukari ya asubuhi iliyokuwa 11 na 12 sasa inasoma 6.8, siku nyingine 5.9. Lakini ikifika saa tano asubuhi natetemeka, jasho linanitoka, macho yanaingia giza. Juzi mashine ilisoma 3.2. Nikisimama ghafla napata kizunguzungu. Choo naweza kukaa siku tatu sijapata. Na kiungulia, badala ya kupungua, kimeongezeka, hasa nikila mchuzi wa nazi usiku na korosho zangu. Nyumbani tunakula saa tatu usiku nikirudi kwenye biashara, saa nne nimeshalala.

Niendelee hivi au nirudie ugali? Mwanangu anasema nile wa dona au wa makopa, ule unga wa muhogo mkavu, eti hauna sukari. Na Ramadhani ikija nitafungaje?

Mama muuza samaki, Mikindani

MSHAURI ANAJIBU

Waaleikum salaam, mama. Tuanze na ile 3.2, kwa sababu kiungulia kinakunyima usingizi, lakini 3.2 inaweza kukuangusha juu ya karai la mafuta yanayochemka.

Glibenklamidi kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Kipimo chako ulipangiwa wakati unakula ugali, wali na muhogo kila siku. Wanga umeuondoa wote, kidonge umekiacha palepale. Kinachotokea saa tano ni insulini nyingi kukutana na sukari kidogo. Dawa hii hukaa mwilini karibu siku nzima, hivyo sukari inaweza kushuka tena hata usiku ukiwa umelala, na hapo hutajua. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho. Mshukiwa hapa ni mmoja.

Ukianza kutetemeka, sogea mbali na moto, keti, pima. Ikisoma chini ya 4, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari, vya kusawazisha, kwenye nusu glasi ya maji, unywe. Hizo ni kama gramu 15. Au kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida, kama mililita 150, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, upime tena. Bado iko chini ya 4? Rudia. Ikishapanda, kula kipande cha muhogo au mkate ili isianguke upya. Korosho hazifai kwa kazi hii, wala maziwa yenye mafuta mengi, kwa sababu mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Kama mashine umeiacha nyumbani usisubiri kupima, kunywa. Funga sukari kwenye kikaratasi, iweke pale unapokaangia, na anayekusaidia kuuza ajue ilipo. Ajue pia kwamba mtu aliyekwisha kupoteza fahamu hanyweshwi kitu, anakimbizwa hospitali.

Halafu nenda kliniki wiki hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Waeleze wazi: nimepunguza wanga, sukari imeshuka hadi 3.2, naomba glibenklamidi iangaliwe. Kwa kawaida daktari hupunguza kidonge hicho hadi nusu, au hukiondoa kabisa na kubaki na metformini. Uamuzi ni wake, maana yeye ana faili lako. Mpaka umwone, rudisha sehemu moja ndogo ya wanga katika kila mlo, hasa wa asubuhi. Na siku ukiamka ukakuta sukari iko chini ya 4, itibu kwanza kwa maji ya sukari, usimeze glibenklamidi asubuhi hiyo, uende kliniki siku hiyohiyo.

Wasomaji wengine mnaochoma insulini, haya yanawahusu hata zaidi. Na wanaotumia dapagliflozini au empagliflozini wasiingie kabisa kwenye mtindo wa kufuta wanga bila daktari: dawa hizo zikikutana na mlo usio na wanga zinaweza kujaza damu asidi hatari hata kama mashine inaonyesha sukari ya kawaida.

Kizunguzungu chako unaposimama kina sababu yake. Wanga ukipungua ghafla, insulini hupungua, na figo humwaga chumvi na maji mengi kuliko kawaida. Ongeza jasho la jikoni na amlodipini miligramu 10, presha lazima ishuke. Omba kliniki wakupime presha umekaa, kisha umesimama. Ikiwa imeshuka watapunguza dawa. Usijiongezee chumvi kwenye chakula kwa kubahatisha. Maji kunywa, kidogokidogo mchana kutwa, kwa sababu hata choo kigumu kinaanzia hapohapo.

Sasa vidonge. Umevipindua, mama. Omeprazoli huzima vile vitoa asidi vya tumboni wakati vinapoamka kwa ajili ya chakula, ndiyo maana humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo, na mlo wa kwanza wa siku ndio bora. Ukiimeza baada ya kushiba, sehemu kubwa ya kazi yake inapotea. Metformini ni kinyume chake: humezwa katikati ya chakula au mara tu baada ya kula. Ukiimeza tumbo tupu, ndio kichefuchefu hicho na tumbo kuunguruma mpaka saa nne. Kwa hiyo ukiamka, omeprazoli na maji matupu. Nusu saa baadaye chai na kitafunwa, na metformini ukiwa umefika katikati ya kula. Kama baada ya wiki mbili tumbo bado linasumbua, uliza kama ipo metformini inayotoka polepole. Ni ileile, ila hailiumizi sana tumbo.

Omeprazoli si ya kumeza miaka na miaka kwa kununua dukani. Dozi ya kawaida kwa kiungulia ni wiki nne hadi nane, kisha daktari anaangalia. Kwako kuna sababu ya ziada: metformini ikitumika muda mrefu hupunguza vitamini B12 mwilini, na omeprazoli nayo hufanya vilevile. Zikikaa pamoja miaka mingi, miguu inakufa ganzi na kila mtu anasema ni kisukari, kumbe upungufu wa B12 nao umo.

Amlodipini nayo tuitaje. Dawa za presha za kundi hilo hulegeza misuli ya mishipa ya damu, na kwa baadhi ya watu hulegeza pia msuli unaofunga mlango kati ya umio, ile njia ya chakula, na tumbo. Usiiache. Muulize tu daktari kama kiungulia chako kilianza au kuzidi baada ya kupandishiwa kipimo, na kama ipo nyingine inayokufaa. Magnesiamu ya kutafuna unaweza kuitumia siku kiungulia kikibana, lakini iachanishe na dawa nyingine kwa saa mbili, na mwenye figo dhaifu asiizoee. Maji yenye magadi yamejaa sodiamu, na mwenye presha hayamfai. Diklofenaki na ibuprofeni za kutuliza mgongo baada ya kutwa nzima kwenye karai nazo hukwangua tumbo na kuumiza figo. Kama unazitumia, sema.

Tumefika kwenye swali lako. Usirudi kwenye ugali wa zamani. Kutoka 11 hadi 6 na ushei ni mafanikio makubwa: shabaha kwa watu wengi wenye kisukari ni 4.4 hadi 7.2 asubuhi kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya mlo. Lakini hukuhitaji kufuta wanga mpaka sifuri ili ufike hapo. Mlo huitwa wa wanga kidogo ukiwa chini ya gramu 130 za wanga kwa siku. Chini ya gramu 50 ni mtindo mwingine, mkali, unaotaka kusimamiwa kwa karibu, na ndio shoga yako alikuingiza bila kukuambia habari za vidonge. Kwa dawa zako na kazi yako ya kusimama mbele ya moto, tunakushauri gramu 100 hadi 130: sehemu tatu za gramu 30, na zinazobaki zitoke kwenye mboga, tunda moja, karanga na maziwa.

Gramu 30 za wanga ni kiasi gani kwenye sahani ya Mikindani? Ugali unaotokana na vijiko vikubwa vitano vya kusawazisha vya unga wa mahindi, yaani gramu 40 hivi za unga, ukishasongwa unapata bonge kama ngumi yako. Wali, theluthi mbili ya kikombe cha robo lita. Muhogo wa kuchemsha, kipande kimoja chenye urefu wa vidole vinne vilivyobanwa pamoja. Ming'oko, vile viazi vya porini, ihesabu kama muhogo, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya, kwa kuwa inatafunwa njiani kama mchezo, haihesabiwi kuwa chakula. Mbaazi, choroko au kunde zilizochemshwa, nusu kikombe ina karibu gramu 20, na ndani yake nyuzinyuzi ni nyingi, kwa hiyo sukari hupanda taratibu. Shoga yako alikosea kuziondoa. Mikoa hii inalima mbaazi kwa wingi, na kwa mtu mwenye kisukari na choo kigumu ni afadhali nusu kikombe cha mbaazi kuliko ugali wowote.

Mwanao naye umwambie hivi: makopa ndiyo yenye wanga mwingi kuliko yote. Gramu 100 za unga wa muhogo mkavu zina karibu gramu 85 za wanga, za unga wa mahindi kama 75, mtama karibu sawa na mahindi. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, kwa hiyo ni nafuu kidogo, lakini bonge ni bonge. Mtu anaambiwa "kula dona," anasikia "kula dona upendavyo," akienda kliniki sukari 14. Kiporo cha wali nacho hakifuti wanga, punguzo lake ni dogo sana. Na chai: vijiko vitatu vya sukari, mara vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 36. Hapo umeshakula sehemu nzima ya wanga bila kutafuna.

Tatizo la sinia ni kwamba halina vipimo. Jipakulie sehemu yako kwanza kwenye sahani, kisha keti na wenzako. Anza na mboga na samaki, wanga umalizie. Mpangilio huo peke yake hupunguza kupanda kwa sukari baada ya kula.

Kwa nini basi kiungulia kimezidi, wakati watu husema mlo wa wanga kidogo hukituliza? Wanaosema hivyo hawakosei. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliopima asidi ndani ya umio wa watu wanene wenye kiungulia kabla na baada ya kupunguza wanga chini ya gramu 20 kwa siku, na asidi ilipungua ndani ya siku chache tu. Walikuwa watu 8, ni wachache, lakini unalingana na yanayoonekana kwa wagonjwa wengi. Tumbo halijazwi na bonge kubwa, gesi inapungua, kitambi nacho kikishuka kinaacha kulikandamiza tumbo. Sukari yenyewe ikiwa juu sana hulifanya tumbo lichelewe kumwaga chakula, kwa hiyo kuishusha ni dawa ya kiungulia pia. Kwa uzito wako, kupungua kilo nne hadi nane kunatosha kuleta tofauti usiku.

Ila wewe ulitoa wanga, ukaziba nafasi yake kwa mafuta. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu kuliko chakula kingine, na hulegeza ule mlango wa umio. Ukimimina tui zito na korosho saa tatu, ukalala saa nne, tumbo limejaa na mlango uko wazi, tena umelala chali.

Tunajua kumwambia mtu wa Mtwara apunguze korosho ni kutafuta ugomvi. Lakini hesabu hii ni ya kujua: gramu 100 za korosho zina mafuta kama gramu 44 na wanga gramu 30. Korosho ni miongoni mwa njugu zenye wanga mwingi. Robo kilo uliyoitafuna jioni mkipiga soga ina wanga gramu 75 na mafuta zaidi ya 100. Karanga zina karibu nusu ya wanga huo na nyuzinyuzi nyingi zaidi. Kula korosho kiganja kimoja kidogo, gramu 30, mchana, isiwe usiku. Mabibo, matunda ya mkorosho, yana sukari kama matunda mengine, na uraka unaotokana nayo ni pombe, tena pombe pamoja na glibenklamidi ni njia nyingine ya kufikia 3.2. Hilo tunawaandikia wasomaji wengine, wewe hukuuliza.

Nazi huna haja ya kuiaga. Kamua tui la kwanza uliweke kwa ajili ya watoto, mchuzi wako upike kwa tui la pili au la tatu. Kisamvu, kikishatwangwa na kuchemshwa vizuri kwa saa nzima au zaidi bila kufunikwa, kiunge kwa vijiko viwili vya karanga zilizosagwa badala ya tui zito. Samaki wa biashara ni wa kukaanga, wako awe wa kuchemsha, wa kuchoma au wa kupaka binzari na tui jepesi. Changu, kibua, tasi, pweza, ngisi, vyote hivyo wanga hamna au ni kidogo mno. Kipande cha ukubwa wa kiganja kwa mlo mmoja kinatosha. Kabla hujaongeza nyama na samaki zaidi ya hapo, pima figo, kwa sababu kisukari cha miaka saba pamoja na presha huwa kimeshaanza kuzibishia hodi.

Ndimu na siki asubuhi, acha leo. Umio wako umeshachubuliwa na asidi inayopanda usiku, na wewe asubuhi unaumwagia asidi nyingine. Kwa sukari faida yake ni ndogo, hailingani na maumivu. Ndimu ya kwenye samaki, nyanya nyingi, ukwaju, embe mbichi na pilipili huwasumbua watu kwa viwango tofauti. Usiache vyote kwa mkupuo mmoja. Acha kimoja siku tano, angalia, kisha kingine. Kuna anayekula pilipili asipate kitu, akaumizwa na chai kali.

Chakula cha usiku ndicho kitakachokulaza. Upite muda wa saa tatu kati ya kumeza tonge la mwisho na kulala, si pungufu. Kama kulala ni saa nne, mlo mkubwa umalizike saa moja. Tunaelewa unarudi saa tatu, hivyo geuza mpangilio: mlo mkubwa uwe wa saa nane mchana, na saa kumi na mbili jioni upate chakula chako palepale kwenye biashara, ulichobeba kwenye bakuli, samaki wa kuchemsha, mchicha na nusu kikombe cha mbaazi. Ukirudi nyumbani keti na familia, kunywa maji au chai ya tangawizi nyepesi isiyo na sukari. Baada ya kula tembea dakika 10 hadi 15, sukari nayo hushuka kwa hatua hizo. Usiiname kufua wala kupalilia tumbo likiwa limejaa, na kanga usiifunge kiunoni kwa kukaza, kwa kuwa inalibana tumbo na kusukuma asidi juu.

Kitanda kiinue upande wa kichwa sentimita 15 hadi 20. Kwa kitanda cha mbao weka matofali imara chini ya miguu miwili ya upande wa kichwani. Usirundike mito: mito hukunja kiuno, tumbo likabanwa, hali ikawa mbaya zaidi. Lala ubavu wa kushoto. Kwa umbo la tumbo, upande huo asidi inabaki chini ya mlango wa umio, upande wa kulia inauegemea.

Siku yako inaweza kwenda hivi. Asubuhi, mayai mawili ya kuchemsha au ya kukaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, na kipande kimoja cha muhogo wa kuchemsha, chai bila sukari au na kijiko kimoja. Vitumbua, maandazi na chapati ni wanga na mafuta kwa pamoja, yaani vinakugusa pote unapoumia. Mchana, samaki, mlenda au bamia au matembele, sahani nusu nzima iwe mboga, na ngumi ya ugali. Jioni kama tulivyosema. Tunda moja kwa siku: kipande cha papai cha gramu 150, ambacho kina wanga kama gramu 16, hakina ukali na kinasaidia choo. Embe nusu siyo zima, nanasi na machungwa subiri umio upone. Dafu zima hesabu gramu 10 hivi za wanga, siyo maji matupu.

Stripu, vile vipande vya kupimia sukari, ni ghali, kwa hiyo zitumie kwa mpango. Siku moja pima kabla ya mlo wa mchana na saa mbili tangu tonge la kwanza, siku nyingine fanya hivyo kwa mlo wa asubuhi, nyingine kwa wa jioni. Sukari ikipanda kwa zaidi ya 3, ile sehemu ya wanga ilikuwa kubwa kwako, ipunguze kwa theluthi. Ikipanda kidogo na hutetemeki, umeipata. Nawa mikono kwa sabuni na ukaushe kabla ya kujitoboa: mkono uliomenya embe unaweza kusomesha 15 ya uongo. Kopo la stripu lifungwe mara moja, lisikae jikoni kwenye mvuke wala kwenye jua. Ukishapunguziwa glibenklamidi, wiki mbili za kwanza pima asubuhi kila siku.

Kuhusu Ramadhani, nenda ukazungumze na daktari mwezi mmoja au miwili kabla. Kufunga ukiwa na glibenklamidi kama unavyoimeza sasa ni hatari, na kuna nafasi ya kubadilisha dawa au saa zake. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, fungua siku hiyo. Futari yenye mihogo, magimbi, tambi na uji wa sukari kwa pamoja ni wanga wa siku nzima kwa kikao kimoja. Chagua kimoja, tende moja, supu ya samaki, mboga. Daku uile karibu na alfajiri kadiri inavyowezekana, na ukishaswali usirudi kitandani.

Usingoje kliniki bali nenda hospitali moja kwa moja ukitapika damu au kitu kama kahawa ya unga, ukipata choo cheusi cha kunata, au chakula kikianza kukwama unapomeza. Na hili likumbuke zaidi: mtu mwenye kisukari moyo ukimsumbua, huweza kuhisi kama kiungulia tu. Ukipata mkandamizo wa kifua pamoja na jasho, kukosa pumzi, au maumivu yanayoenda mkononi, shingoni au kwenye taya, usitafune magnesiamu, tafuta usafiri.

Siku ya kliniki beba vidonge vyote ndani ya mfuko, pamoja na vya dukani, na daftari la vipimo. Omba HbA1c, ambayo ni wastani wa sukari wa miezi mitatu, kipimo cha figo kwa damu na mkojo, na B12 kama inapatikana. Kama watataka kupima bakteria wa vidonda vya tumbo kwa kinyesi, waambie unameza omeprazoli: inabidi iachwe wiki mbili kabla, la sivyo majibu yanaweza kusema huna wakati unao.